Honazi kwenye chuo cha jamii Marekani: mwongozo kamili wa kuingia na kumaliza

Maswali yanayonifikia kuhusu programu za honazi (honors), yaani masomo ya kina zaidi ambayo chuo hutenga kwa wanafunzi wenye alama nzuri, karibu yote ni ya mlangoni. GPA, yaani wastani wa alama, ngapi inatakiwa? Insha iandikwe vipi? Mwalimu gani anipe barua? Ni nadra mtu kuuliza habari za kumaliza, na huko ndiko wengi wanakokwama. Mtu anaingia muhula wa pili, anasoma kwa bidii, anapata A zake. Mwisho wa safari anafungua transkripti, ile rekodi ya masomo na alama zake, na honazi haimo. Kichwani alikuwa sawa kabisa, ila kuna fomu ilikosa saini, au somo alilolitegemea halikuwa kwenye hesabu.

Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zinaegemea zaidi kumaliza kuliko kuingia. Zinawahusu wanaosoma, au wanaojiandaa kusoma, kwenye komyuniti koleji: vyuo vya jamii vya miaka miwili, ambako mtu hukusanya krediti (vipimo vya uzito wa somo) zipatazo 60, akapata digrii ya miaka miwili, kisha akahamia chuo kikuu kumalizia miaka miwili iliyobaki.

## Usichanganye mambo matatu

Phi Theta Kappa ni chama cha heshima cha wanafunzi wa vyuo vya miaka miwili. Kwa kawaida hukualika ukishakamilisha krediti 12 ukiwa na GPA ya 3.5, na unalipa ada ya uanachama. Ni chama cha kweli na kina nafasi zake za ufadhili. Lakini kujiunga nacho si kuwa kwenye honazi.

Orodha ya mkuu wa kitivo (Dean's List), ile inayotoka kila muhula, nayo ni pongezi ya alama za muhula huo tu.

Programu ya honazi ni kitu kingine: ina maombi, ina masomo yake, ina masharti ya kutoka. Na ukipata barua pepe ya pongezi kutoka chama usichokijua kinachotaka dola zako, ipeleke kwanza ofisi ya honazi ya chuo chako waiangalie. Wakisema hawakijui, ifute.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Transkripti ya chuo, hata isiyo rasmi. Kama hujaanza chuo, vyeti vya sekondari: KCSE, cheti cha kidato cha nne au cha sita cha NECTA, Diplôme d'État ya Kongo. Uliza kwanza chuo kama kinataka vifanyiwe tathmini na kampuni kama WES au ECE, maana tathmini inagharimu na kila chuo kina inayoikubali. Vyeti vilivyopotea vitani havikufungii mlango: mtihani wa GED, unaosimama badala ya cheti cha sekondari, unakubalika.
- Karatasi za hadhi yako: I-94 (rekodi ya kuingia nchini) kwa mkimbizi, kadi ya ukaazi wa kudumu, au I-20 (fomu inayotolewa na chuo) kwa mwenye viza ya mwanafunzi, F-1.
- Katalogi ya chuo, yaani kitabu cha masomo na masharti yake, ya mwaka ulioanza, ikiwa PDF kwenye simu au kompyuta yako. Masharti yakibadilika katikati, kwa kawaida unahesabiwa kwa katalogi ya mwaka wako, na wewe ndiye utakayetakiwa kuionyesha.
- Insha moja uliyoandika darasani ikapata alama nzuri.
- Majina ya walimu wawili wanaokufahamu kwa sura, si kwa namba ya usajili.
- Folda moja ya barua pepe na folda moja ya karatasi. Kila saini na kila "ndiyo, somo hili linahesabiwa" inaingia humo.

## Hatua ya 1: Soma masharti ya chuo chako, si ya chuo cha binamu yako

Hakuna honazi moja ya Marekani nzima. Miami Dade College ina Honors College. Santa Monica College inaita yake Scholars Program. Montgomery College ya Maryland ina Montgomery Scholars, ambayo ni ya wanaotoka moja kwa moja sekondari. Kwa sababu hiyo ushauri wa ndugu yako aliyesoma Houston unaweza kukupoteza kabisa ukiwa Columbus.

Fungua ukurasa wa honazi wa chuo chako na uandike majibu ya maswali haya:

1. GPA ya kuingia ni ngapi? Mara nyingi iko kati ya 3.0 na 3.5.
2. Unatakiwa kumaliza masomo mangapi ya honazi, au krediti ngapi?
3. GPA ya kutoka ni ngapi, na inapigwa kwa masomo yote au ya honazi peke yake?
4. Alama ya chini inayokubalika kwenye somo la honazi ni ipi? Vyuo vingi havikubali C.
5. Kuna mradi wa mwisho, semina, au saa za kujitolea?
6. Ni masomo mangapi yanaweza kutimizwa kwa mkataba (umeelezwa Hatua ya 6) badala ya darasa la honazi?

Umefaulu hatua hii kama unaweza kumweleza mtu masharti yote kwa dakika mbili bila kufungua simu.

## Hatua ya 2: Anza na chuo kikuu unachokitaka, rudi nyuma

Honazi haina thamani inayofanana kila mahali. Mahali pengine inafungua mlango hasa. Chuo kikuu cha UCLA, kwa mfano, kina Transfer Alliance Program: ukimaliza honazi kwenye chuo cha jamii cha California kilicho mwanachama, na chuo chako kikakuthibitisha, maombi yako ya kuingia kitivo chake cha College of Letters and Science yanaangaliwa kwa kipaumbele. Kipaumbele si ahadi ya nafasi, na masomo ya lazima ya fani yako bado yanakusubiri. Kwingine honazi ni mstari tu kwenye transkripti. Bado ni mstari mzuri, lakini usiugharamie muhula mzima wa ziada.

Chukua orodha ya masomo ambayo chuo kikuu kinayataka kwa fani yako. California kuna tovuti ya ASSIST inayoonyesha somo gani la chuo cha jamii linapokelewa wapi. Majimbo mengine yana makubaliano yao ya uhamisho, muulize mshauri wa masomo. Weka orodha hiyo kando ya orodha ya masomo ya honazi. Yale yanayoonekana kwenye zote mbili ndiyo yako.

Onyo kwa wanaosoma fani za kazi, kama ufundi na baadhi ya kozi za afya: digrii ya miaka miwili iitwayo AAS imetengenezwa ili mtu aingie kazini, na krediti zake nyingi huwa hazihamishiki kirahisi kama za AA au AS, digrii za miaka miwili za kuhamia chuo kikuu. Kama nia yako ni chuo kikuu, lijue hilo leo.

Msaada wa fedha wa serikali kuu unalipia masomo yanayohesabiwa kwenye digrii yako tu. Semina ya honazi iliyo nje ya mpango wako inaweza kutoka mfukoni mwako. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mkaazi wa kudumu wamekuwa wakistahili kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada huo. Mwenye F-1 hastahili. Sheria za misaada hubadilika, kwa hiyo thibitisha hadhi yako na ofisi ya misaada ya fedha kila mwaka.

## Hatua ya 3: Linda muhula wa kwanza

A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni sifuri. Kila alama inazidishwa kwa krediti za somo, jumla inagawanywa kwa krediti zote.

Tuseme umechukua Kiingereza krediti 3 ukapata A, hisabati krediti 4 ukapata B, baiolojia krediti 4 ukapata A, na somo la utangulizi wa chuo krediti 1 ukapata A. Pointi ni 12, 12, 16 na 4, jumla 44. Gawanya kwa 12: GPA yako ni 3.67. Hisabati hiyo ingekuwa C, pointi zingeshuka hadi 40 na GPA ingekuwa 3.33. Alama moja tu imekutoa kwenye chuo kinachotaka 3.5. Habari njema ni kwamba mwenye 3.33 akifuatisha krediti nyingine 12 za A tupu anarudi 3.67. Muhula mmoja mbaya mwanzoni unarekebishika. Muhula mbaya wa mwisho haukupi nafasi hiyo.

Hesabu pia saa zako. Kipimo cha kawaida ni saa moja darasani na saa mbili za kujisomea kwa kila krediti, kila wiki. Krediti 12 ni kama saa 36. Anayefanya zamu ya usiku ghalani Jumatatu hadi Ijumaa, krediti 12 pamoja na honazi zitamvunja. Achukue 6 au 9 kama hadhi yake inamruhusu. Wa F-1 hana uhuru huo: lazima awe na krediti 12, na katika hizo somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti 3, ndilo linalohesabiwa. Akiliona darasa la honazi la mtandaoni, apite kwanza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa.

Walioko kwenye masomo ya Kiingereza kwa wageni: vyuo vingi havihesabu masomo hayo kwenye digrii. Yamalizeni kwanza, mfanye vizuri kwenye Kiingereza cha mwaka wa kwanza, ndipo muombe honazi. Hakuna aliyeandika kwamba lazima uingie muhula wa kwanza.

## Hatua ya 4: Maombi

Fomu yenyewe ni fupi. Kinachowasumbua watu ni insha.

Wenzetu wengi wanaandika kambi, vita, safari, mzazi aliyefariki, halafu wanafika ukomo wa maneno kabla ya kusema wanataka kusoma nini. Historia yako ni yako na una haki ya kuitumia. Lakini anayesoma anatafuta jambo moja: huyu mtu ana swali kichwani? Ukiwa umekulia kambi ya Nyarugusu na unataka kusoma afya ya jamii, usiishie kwenye shida ya maji. Andika ulichojiuliza kuhusu maji yale, ulichosoma tangu hapo, na somo gani la chuo hiki litakusogeza mbele. Robo ya insha iwe ulikotoka, robo tatu iwe unachokichimba.

Barua ya mapendekezo iombe wiki tatu kabla, ana kwa ana kwanza, kisha barua pepe yenye tarehe ya mwisho, insha yako, na kazi uliyomfanyia mwalimu huyo. Kumbuka kwamba kwetu mwanafunzi hamfuati mwalimu ofisini ila ameitwa, na akiitwa moyo unadunda. Hapa saa za ofisi zimewekwa ili uende. Mwanafunzi asiyekwenda hata mara moja hana wa kumwandikia barua, hata akiwa na A.

Ukikataliwa, uliza sababu kwa adabu. Vyuo vingi vinapokea maombi kila muhula.

## Hatua ya 5: Sajili madarasa ya honazi siku dirisha linapofunguka

Madarasa haya ni madogo na huwa machache. Somo unalolihitaji linaweza kutolewa muhula mmoja tu kwa mwaka. Pia darasa lisilojaa linaweza kufutwa siku chache kabla ya kuanza. Kwa hiyo uwe na somo la pili la akiba, na usiache madarasa yote ya honazi kwa muhula wa mwisho. Huo ndio mtego mkubwa kuliko yote: mtu amebakiza masomo mawili, moja limefutwa, na tarehe ya kuhamia imefika.

Angalia pia namba ya sehemu. Somo lile lile, mwalimu yule yule, lina sehemu ya kawaida na sehemu ya honazi. Ukijisajili sehemu ya kawaida, hata ukae kiti cha mbele muhula mzima, kwenye rekodi hukufanya honazi.

## Hatua ya 6: Mkataba wa honazi

Pale ambapo darasa la honazi halipo, vyuo vingi vinaruhusu mkataba: unasoma darasa la kawaida, lakini wewe na mwalimu mnakubaliana kazi ya kina zaidi, mratibu wa honazi anaidhinisha, na somo linahesabiwa. Sehemu hii isome polepole, maana hapa ndipo rekodi za watu zinapotea.

Nenda wiki ya kwanza. Tarehe ya mwisho ya kuwasilisha mkataba huwa ndani ya wiki za mwanzo za muhula, na saini zinazotakiwa ni zaidi ya moja: yako, ya mwalimu, ya mratibu, pengine ya mkuu wa idara. Mmoja wao akisafiri, mkataba umekufa.

Usiseme "nipe kazi ya ziada". Mwalimu mara nyingi anafanya hili kwa hiari. Ukimpelekea mzigo wa kufikiri kwa niaba yako, atasema hana muda. Soma silabasi, nenda na mawazo mawili yaliyoandikwa kwenye nusu ukurasa, umwachie yeye kuchagua na kurekebisha.

Kina, si wingi. Kurasa kumi za ziada juu ya mada ile ile si honazi. Tuchukue somo la takwimu. Ofisi ya Sensa ya Marekani, kupitia American Community Survey, inatoa majedwali ya lugha zinazozungumzwa nyumbani, na Kiswahili kimo katika kundi moja na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini. Mwanafunzi anaweza kuchukua miji miwili, akalinganisha kundi hilo kwa miaka kadhaa, akaeleza ukubwa wa makosa ya makadirio, na akasema kwa nini tofauti fulani haiwezi kuaminika. Hapo takwimu za darasani zimefanya kazi kwenye data halisi. Kwa somo la uhasibu, ripoti za mwaka ambazo kampuni mbili zimewasilisha kwa SEC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, zinatosha kwa mkataba mzuri.

Andika mambo matano kwenye fomu: swali lako, kitakachokabidhiwa mwishoni, tarehe tatu za kukutana na mwalimu, vigezo vya kuipima kazi, na siku ya kukabidhi, ambayo iwe angalau wiki mbili kabla ya mitihani. "Utafiti kuhusu uchumi" ni maneno ambayo mratibu atayarudisha.

Jihadhari na mwalimu wa muda. Ni walimu wazuri, na vyuo vya jamii vinawategemea mno. Lakini baadhi ya vyuo haviwaruhusu kusaini mikataba, na wengine wanafundisha vyuo viwili au vitatu hadi kumpata baada ya muhula ni kazi. Uliza kabla hujaanza.

Funga mkataba. Kukabidhi kazi si mwisho. Kuna fomu ya pili, ya kuthibitisha kwamba kazi imekamilika, ambayo mwalimu huituma kwa mratibu. Walimu husahau, kwa kuwa wiki hiyo wana rundo la mitihani ya kusahihisha. Mtumie kiungo cha fomu, na umwandikie mratibu siku tatu baadaye: "Je, uthibitisho wa mkataba wangu umefika?"

Umefaulu hatua hii pale tu jibu la mratibu lenye "umefika" linapokuwa kwenye folda yako. A ya somo peke yake haitoshi.

## Hatua ya 7: Ukianza kuyumba

Mpigie mratibu kabla ya alama kutoka. Ukishuka chini ya GPA ya programu, mara nyingi unapewa muhula wa uangalizi ili ujirekebishe, lakini usipoonekana unatolewa kimya kimya.

Kuacha somo mapema, kabla ya tarehe iliyowekwa na chuo, kunafuta kila kitu. Kuacha baada ya tarehe hiyo kunaacha alama ya W (withdrawal, yaani umeacha somo): haigusi GPA, lakini inahesabiwa kama somo lisilokamilika kwenye kipimo cha maendeleo cha misaada ya fedha. Kwa mwenye F-1, kushuka chini ya krediti 12 bila ruhusa kunagusa viza. Wakati mwingine dawa ni kuachana na mkataba peke yake na kubaki na somo. Uliza kama chuo chako kinaruhusu hivyo bila kugusa alama, maana vingi vinaruhusu.

Na usinakili kazi ya mtu wala ya mashine. Kesi moja ya udanganyifu inatosha kukutoa kwenye programu, hata GPA ikiwa 4.0.

## Hatua ya 8: Mradi wa mwisho

Si kila chuo kinao. Kama chako kinao, chagua mada muhula mmoja kabla. Ukitaka kuhoji watu, hata majirani zako wanaosali nawe, muulize mwalimu kuhusu kibali cha kamati ya maadili ya utafiti. Kibali hakitolewi nyuma: ukishahoji bila ruhusa, majibu hayo huwezi kuyatumia.

Wasilisha kazi mahali. California kuna kongamano la utafiti la wanafunzi linaloandaliwa na Honors Transfer Council of California, ambalo limekuwa likifanyika UC Irvine. Kwingine, chuo chenyewe huwa na siku ya mabango. Bango moja lililosimamiwa vizuri linakupa mstari wa maombi ya uhamisho na ya ufadhili kama ule wa Jack Kent Cooke Foundation, unaofika hadi dola 55,000 kwa mwaka. Ushindani wake ni mkali, lakini umetengwa hasa kwa ajili ya wanaotoka vyuo vya jamii.

## Hatua ya 9: Kuhitimu ni maombi mawili

Ombi la kuhitimu linakwenda ofisi ya usajili. Ombi la kutambuliwa kumaliza honazi linakwenda ofisi ya honazi. Kutuma moja hakutumi jingine, na tarehe zake zinaweza kutofautiana kwa mwezi mzima. Kuvaa joho na kamba shingoni nako ni sherehe, hakuandiki chochote kwenye transkripti.

Muhula mmoja kabla ya kumaliza, kaa na mratibu mpitie orodha: somo, muhula, aina yake kama ni darasa au mkataba, alama, uthibitisho. Penye pengo, toa barua pepe kwenye folda yako. Ombi la uhamisho lenye sharti la uthibitisho wa honazi, kama lile la UCLA, lina tarehe yake pia. Muulize mratibu ni lini anatuma majina na kama lako limo.

Digrii ikishaandikwa kwenye rekodi, chukua transkripti isiyo rasmi na utafute honazi katika sehemu mbili: kando ya kila somo la honazi, na kwenye sehemu ya digrii. Ikikosekana popote, andika siku hiyo hiyo kwa mratibu na msajili kwa pamoja, ukiambatanisha uthibitisho. Ikirekebishwa, ndipo uagize transkripti rasmi kwenda chuo kikuu. Ukiagiza kabla, utalipia nyingine.